Kampuni ya Bima Inapojitoa California: Namna ya Kuilinda Nyumba Yako Ndani ya Siku 75

Barua hiyo huwa ya kurasa mbili au tatu, na sentensi inayobeba uzito wote hukaa katikati ya ukurasa wa kwanza: mkataba wako wa bima ya nyumba hautahuishwa utakapofika ukomo wake. Chini yake kuna tarehe, na kando ya tarehe kuna saa, ambayo kwa kawaida ni 12:01 a.m. Hapo ndipo msomaji aliyezoea kuhesabu saa za Kiswahili anapaswa kutulia na kusoma mara ya pili, kwa sababu hiyo ni saa sita na dakika moja usiku, yaani dakika moja tu baada ya siku iliyotangulia kumalizika. Barua ikisema kwamba bima inakoma tarehe 15 Juni saa 12:01 a.m., siku yako ya mwisho ya kulindwa ni tarehe 14, na moto ukiwaka alfajiri ya tarehe 15 utaikuta nyumba isiyo na bima.

Niliwahi kuketi na dada mmoja wa jamii yetu hapa Sacramento aliyepokea barua kama hiyo, akaifungua, akaipitia juu juu, kisha akaiweka kwenye droo ya jikoni pamoja na matangazo ya maduka. Alikuwa akilipa ada yake kila mwezi bila kukosa, na aliamini kwamba mtu anayelipa hawezi kuachwa. Tulipoitoa barua kwenye droo zilikuwa zimebaki siku 19. Bima alipata, lakini alichukua ya kwanza iliyomkubali, na mwaka mzima uliofuata alilipia kinga pungufu kwa bei ambayo hakupata nafasi ya kuilinganisha na nyingine. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliyepo pale alipokuwa yeye siku ile ya kwanza, mwenye siku zake zote mkononi, kwa kuwa kila njia iliyobaki wazi kwake inahitaji muda, na muda ndio kitu ambacho sheria ya California imempa kwa uhakika.

Ni vizuri kujua kwanza kilichotokea, ili usijilaumu kwa jambo ambalo hukulifanya. Tarehe 27 Mei 2023 State Farm, kampuni iliyokuwa na wateja wengi kuliko zote katika bima ya nyumba California, iliacha kupokea maombi mapya, na ilitaja sababu tatu: gharama za ujenzi zinazopanda haraka kuliko mfumuko wa bei, hatari ya majanga inayoongezeka, na ugumu wa soko la bima mtawanyo, yaani ile bima ambayo kampuni za bima zenyewe hujikatia. Allstate ilikuwa imekwisha kuacha kuandikisha wateja wapya wa nyumba mwaka 2022. Machi 2024 State Farm ilitangaza kwamba haitahuisha mikataba ipatayo 72,000 iliyokuwapo tayari, takribani 30,000 ikiwa ya nyumba na mali nyingine za makazi, na 42,000 ya majengo ya biashara yenye fleti za kupangisha. Haikuondoka jimboni kabisa, kwani wengi wa wateja wake walibaki, lakini kwa familia iliyoachwa tofauti hiyo haina maana kubwa.

Nyuma ya maamuzi hayo kuna historia ndefu. Moto wa mwaka 2017 katika eneo la Santa Rosa na ule wa Novemba 2018 ulioteketeza mji wa Paradise na kuua watu 85 ulizigharimu kampuni faida za miaka mingi. Sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1988, inayojulikana kama Proposition 103, inaitaka kila kampuni kupata kibali cha Kamishna wa Bima kabla ya kupandisha bei, na kwa miaka mingi kanuni zilizitaka kampuni zikadirie hasara za majanga kwa kutazama yaliyopita, bila kutumia mifano ya kompyuta inayotabiri moto ujao. Sheria hiyo imewalinda wananchi dhidi ya bei za kiholela, nami siungani na wanaoilaumu kwa kila kitu. Lakini kampuni zilipoona haziwezi kupandisha bei kwa kadiri na kwa haraka zilivyotaka, zilipunguza idadi ya nyumba zinazozilinda. Barua yako, basi, kwa kiasi kikubwa ilitokana na hesabu za ramani nzima, na huenda hakuna mtu aliyefika kuitazama nyumba yako kabla haijaandikwa.

Isome barua kabla ya kupiga simu

Jambo la kwanza ni kutambua ni barua ya aina gani. Kutohuishwa maana yake mkataba unaendelea hadi siku yake ya mwisho na baada ya hapo hautaongezwa. Kufutwa maana yake mkataba unakatizwa kabla ya siku hiyo, na kwa mkataba uliokwisha kudumu zaidi ya siku 60 sheria ya California inaruhusu hilo kwa sababu chache tu, kama vile kutolipa ada au kudanganya katika maombi. Kama umelipa vizuri na barua inasema kufutwa, usingoje, wasiliana mara moja na Idara ya Bima ya California kwa namba 1-800-927-4357 na uombe mkalimani kama Kiingereza cha mambo ya bima kinakupa taabu. Idara hiyo ndiyo inayosimamia kampuni zote za bima jimboni, na huduma yake kwa mwananchi ni ya bure.

Kama ni kutohuishwa, kampuni inatakiwa kukupa taarifa angalau siku 75 kabla ya mkataba kwisha na kueleza sababu. Hesabu siku hizo mwenyewe ukianzia tarehe barua ilipotumwa, na utunze bahasha yake, kwa maana muhuri wa posta ni ushahidi. Taarifa ikichelewa, mkataba wako unaendelea kwa masharti yale yale na ada ile ile mpaka muda unaotakiwa na sheria utimie, na wengi hawaidai haki hiyo kwa sababu hawakuhesabu.

Kisha tazama sababu iliyoandikwa. Ikiwa ni hatari ya moto wa nyika, fahamu kwamba tangu Oktoba 2022 kanuni za jimbo zinazitaka kampuni zinazotumia alama za hatari, yaani maksi zinazokadiria uwezekano wa nyumba kuungua, kumweleza mteja alama ya nyumba yake, mambo yaliyoifanya iwe hivyo na hatua zinazoweza kuishusha, na kumpa nafasi ya kuipinga. Omba alama hiyo kwa maandishi. Wakati mwingine kompyuta inaamini kwamba paa lako ni la vigae vya mbao wakati ulilibadilisha miaka minne iliyopita, au inahesabu miti ambayo jirani ameshaikata. Pinga kwa adabu, ukiambatanisha picha zenye tarehe na risiti za fundi. Hakuna ahadi kwamba kampuni itabadili uamuzi wa kujitoa, lakini kumbukumbu zilizosahihishwa zitakufaa mbele ya kampuni inayofuata, ambayo huenda inanunua taarifa zake kutoka chanzo kile kile.

Omba pia ripoti ya madai yako ya zamani iitwayo CLUE, inayotunzwa na kampuni ya LexisNexis, ambayo sheria ya taifa inakupa haki ya kuipata bure mara moja kila mwaka. Humo huandikwa madai ya hadi miaka saba, na makosa hutokea. Ni afadhali uyaone wewe kwanza kabla hayajaonwa na unayemwomba akukatie bima.

Je, uko ndani ya eneo lililowekewa zuio?

Sheria ya mwaka 2018, iliyotungwa na Ricardo Lara alipokuwa seneta wa jimbo kabla ya kuwa Kamishna wa Bima, inasema kwamba Gavana akitangaza hali ya dharura kwa sababu ya moto, kampuni hazitaruhusiwa kwa mwaka mmoja kuacha kuhuisha bima za makazi katika misimbo ya posta iliyoguswa na moto huo pamoja na ile inayopakana nayo, eti kwa sababu ya hatari ya moto. Zuio hilo linazihusu hata nyumba ambazo hazikuungua. Baada ya moto wa Palisades na wa Eaton ulioanza tarehe 7 Januari 2025 na kuteketeza majengo zaidi ya 16,000 katika Kaunti ya Los Angeles, zuio la aina hiyo lilitangazwa kwa maeneo mengi ya kaunti hiyo.

Kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya Idara ya Bima, weka msimbo wako wa posta, na uone kama eneo lako limo katika zuio lolote linaloendelea. Likiwamo, iandikie kampuni ukitaja tangazo la zuio na uombe barua iondolewe. Ikikataa, wasilisha malalamiko kwa Idara. Kumbuka tu kwamba ulinzi huu unahesabiwa kuanzia siku ya tangazo la dharura, na mwaka ukiisha kampuni inakuwa huru tena, hivyo mwenye bahati ya kulindwa amepewa miezi ya kujiandaa na asiitumie kulala.

Usiache mbachao kwa msala upitao

Endelea kulipa bima uliyo nayo hadi siku yake ya mwisho. Watu wenye hasira huacha kulipa mara wapokeapo barua, na matokeo yake ni kwamba kampuni inaifuta bima kwa kutolipwa, rekodi inachafuka, na zile siku 75 zinageuka kuwa chache mno. Vilevile usiifute bima ya zamani kwa sababu wakala amekuambia kwamba ombi lako jipya linaendelea vizuri. Subiri hati ya kuthibitisha bima mpya yenye namba ya mkataba, jina lako, anwani ya nyumba na tarehe ya kuanza, na uhakikishe kwamba tarehe hiyo haiachi hata siku moja wazi kati ya mkataba wa zamani na mpya.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi wetu tulikua katika nchi ambako bima inayojulikana zaidi ni ya gari. Tanzania na Kenya mtu hawezi kuingiza gari barabarani kihalali bila bima, lakini nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo, tofali kwa tofali, kwa akiba ya mwenyewe, na hakuna anayeuliza habari ya bima. Hapa Marekani anayenunua nyumba kwa mkopo ameahidi kwa maandishi kwamba nyumba itakuwa na bima siku zote mpaka deni liishe. Bima ikikatika, taasisi inayosimamia mkopo ina haki ya kuikatia nyumba bima yenyewe na kukutoza wewe gharama. Bima ya namna hiyo kwa kawaida ni ghali kuliko ya kawaida, nayo hulinda maslahi ya mkopeshaji katika jengo. Vitanda, nguo, vyombo na gharama za kuishi kwingine wakati nyumba inajengwa upya mara nyingi havimo.

Sheria ya taifa inamtaka msimamizi wa mkopo akutumie taarifa angalau siku 45 kabla ya kukutoza ada ya bima hiyo, pamoja na barua ya kukukumbusha. Ukimpelekea uthibitisho kwamba una bima yako mwenyewe, anapaswa ndani ya siku 15 kuifuta ile aliyoikata na kukurudishia fedha za muda ambao bima zote mbili zilikuwapo. Kwa hiyo mwandikie mapema, kabla hajakuandikia. Mweleze kwamba kampuni imejitoa, kwamba unatafuta nyingine, na umuulize uthibitisho utumwe wapi. Kama ada yako ya bima inalipwa kupitia akaunti ya mkopo pamoja na kodi ya majengo, tarajia malipo ya kila mwezi yapande bei mpya itakapoingia, na uulize kiasi kabla hujashtushwa nacho.

Tafuta bima kwa mpangilio

Kabla ya kuomba bei popote, jua nyumba yako ingegharimu kiasi gani kujengwa upya. Bei uliyonunulia haikusaidii hapa, kwa kuwa ndani yake kuna thamani ya kiwanja, na kiwanja hakiungui. Tuchukue mfano wa kuelewana: nyumba ya futi za mraba 1,500, na fundi wa eneo lako akakuambia kwamba kujenga sasa ni dola 400 kwa kila futi, hesabu inaleta dola 600,000, na hicho ndicho kiasi ambacho bima ya jengo inapaswa kukifikia, hata kama nyumba na kiwanja chake ulivinunua kwa dola 450,000. Usikubali kupunguza kiasi hicho ili ada ishuke. Ukitaka nafuu, ni salama zaidi kuongeza kiasi cha hasara unachokubali kubeba mwenyewe, mradi kiwe kiasi ambacho kweli unacho benki.

Wakala aliyekuhudumia anaweza kuwa ni wa kampuni moja tu, na kampuni hiyo ikijitoa hana kingine cha kukuuzia. Dalali wa bima anayejitegemea hufanya kazi na kampuni nyingi, kwa hiyo mtafute huyo, na si mmoja bali wawili au watatu, kwa kuwa kila mmoja ana kampuni zake. Angalia leseni ya kila mmoja kwenye tovuti ya Idara ya Bima kabla ya kumpa fedha au namba zako za siri. Anayetaka ada kwa fedha taslimu bila risiti, au kwa kutumiwa kwenye simu kwa jina lake binafsi, achana naye hata kama ni mtu wa nyumbani na mnasali pamoja.

Kwenye maombi sema kweli. Umri wa paa, mbwa, chumba unachopangisha, madai ya miaka iliyopita, vyote viandikwe kama vilivyo, kwa sababu uongo unaogunduliwa baada ya moto huipa kampuni sababu ya kubatilisha mkataba mzima wakati ambao unauhitaji kuliko wakati wowote.

Dalali anaweza kukuletea kampuni ambayo haijasajiliwa kama kampuni ya kawaida ya jimbo lakini inaruhusiwa kupokea hatari zilizokataliwa na wengine. Njia hiyo ni halali na wakati mwingine ndiyo pekee yenye kinga kamili. Lakini bei zake hazipitishwi na Kamishna, na ikifilisika, mfuko wa dhamana wa jimbo hautalipa madai yako. Jambo hili si la kufikirika, kwani baada ya moto wa Paradise kampuni ndogo iitwayo Merced Property & Casualty ilishindwa kulipa na kufungwa, ingawa hiyo ilikuwa ya kawaida na wateja wake wakapata msaada wa mfuko. Muulize dalali uimara wa kampuni kifedha, na usome jibu lake kwa makini.

FAIR Plan

Ukikataliwa kote, ipo FAIR Plan, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1968. Wengi huidhania kuwa ni mfuko wa serikali, lakini ni chama cha kampuni zote za bima ya mali zilizosajiliwa California, na zote hugawana hasara zake. Inapokea nyumba ambazo soko limezikataa, hadi kinga ya dola milioni 3 kwa makazi, na idadi ya mikataba yake ilipita 400,000 katika mwaka 2024. Dalali yeyote mwenye leseni na aliyesajiliwa nayo anaweza kukuombea.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mkataba wa msingi wa FAIR Plan unalinda dhidi ya moto, radi, moshi na mlipuko wa ndani. Bomba likipasuka ukutani na kulowesha sakafu yote, haulipi. Mwizi akivunja dirisha, haulipi. Mgeni akiteleza kwenye ngazi zako siku ya hitima na kuvunjika nyonga, kisha akakudai, haulipi. Ili kuziba mapengo hayo unahitaji mkataba wa pili, unaouzwa na kampuni nyingine kama nyongeza ya FAIR Plan, na mwombe dalali akuletee bei za vyote viwili kwa pamoja ili ujue gharama halisi. Iweke mikataba hiyo miwili mezani, chukua ule wa zamani, na upitie kinga moja baada ya nyingine ukiuliza ipo katika mkataba upi.

Uliza pia namna ya kulipwa. Mkataba wa msingi hulipa thamani ya kitu baada ya kutoa uchakavu, kwa hiyo paa la miaka 20 linahesabiwa kama paa kuukuu; kulipwa gharama kamili ya kujenga upya ni nyongeza ya kuombwa na kulipiwa. Sidhani kuna fedha iliyo bora kutumika katika mkataba huu kuliko hiyo.

Usisahau tetemeko la ardhi. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi tetemeko, na wenye kinga hiyo wengi wameipata kwa California Earthquake Authority, ambayo huiuza kupitia kampuni wanachama tu na kuifungamanisha na bima ya nyumba. Kampuni yako ikijitoa, kinga ya tetemeko inaondoka nayo bila kelele. Uliza kama kampuni mpya ni mwanachama. Mafuriko nayo yana mkataba wake wa pekee.

Zunguka nyumba yako

Kazi hii ianze wiki ile ile ya barua, kwa sababu ndiyo inayokubadilisha machoni pa kampuni, na zaidi ya hayo ndiyo inayoweza kuiokoa nyumba. Nyumba nyingi zinazoungua katika moto wa nyika huwashwa na cheche zinazopeperushwa na upepo, ambazo huweza kuruka zaidi ya maili moja mbele ya moto wenyewe. Cheche hutafuta mahali pa kutulia: majani makavu kwenye mfereji wa paa, zulia la mlangoni, tundu la hewa lililo chini ya upenu.

Chukua kalamu, simu yenye kamera na ngazi, na uanze na ukuta. Katika futi 5 za kwanza, yaani mita moja na nusu, kusiwe na kitu kinachoweza kuwaka. Yale magome ya mbao yanayotandazwa bustanini, ambayo hupendeza na kuhifadhi unyevu, yaondoe sehemu hiyo na uweke kokoto. Kuni zilizopangwa ukutani zihamishe. Uzio wa mbao unaogusa nyumba ni kama utambi wa taa: kipande cha mwisho kinachogusana na ukuta kibadilishwe kiwe cha chuma.

Kisha tazama matundu ya hewa, yale yanayoingia darini na yale ya chini ya sakafu. Gusa wavu wake kwa kidole. Mara nyingi utakuta wavu wenye matundu ya robo inchi, ambao unazuia panya na unapitisha cheche. Unaotakiwa ni wavu wa chuma wenye matundu ya kati ya inchi 1/16 na inchi 1/8, au matundu maalumu yaliyotengenezwa kuzuia moto. Katika kazi zote nilizozitaja hii ni miongoni mwa zilizo rahisi, kwani wavu hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi na mtu mwenye mkasi wa bati anaweza kuumaliza kwa siku mbili za mapumziko.

Paa lenye daraja A la kuhimili moto, upenu uliofunikwa, madirisha ya vioo viwili, na usafi wa majani hadi futi 100 kuzunguka nyumba kama kiwanja kinafika huko, vyote vimo katika mpango wa jimbo uitwao Safer from Wildfires, ambao kampuni zinatakiwa kuutolea punguzo la ada. Punguzo linaweza kuwa dogo. Liombe hata hivyo. Majirani wakikubali kushirikiana, mtaa mzima unaweza kutambuliwa chini ya mpango wa Firewise USA, nao pia una punguzo lake. Jamii zetu zina uzoefu wa msaragambo na harambee, na kufyeka nyasi za mtaa kwa pamoja Jumamosi moja ni kazi tunayoijua.

Piga picha kabla na baada, kila upande wa nyumba. Ndani pia pita na kamera chumba kwa chumba, fungua makabati, taja vitu kwa sauti, kisha hifadhi video hiyo mahali pasipo ndani ya nyumba.

Kwa wanaopanga

Mkataba wa mwenye jengo haulindi mali ya mpangaji. Mikataba 42,000 ya majengo ya fleti iliyoachwa mwaka 2024 iliwagusa wapangaji kwa njia nyingine, kupitia kodi, lakini godoro na televisheni yako havikuwa na kinga humo kabla wala baada. Bima ya mpangaji ni nafuu sana ikilinganishwa na ya nyumba, na inafaa kuwa nayo.

Kurudi katika soko la kawaida

FAIR Plan isiwe makao ya kudumu. Desemba 2024 Idara ya Bima ilikamilisha kanuni mpya zinazoziruhusu kampuni kutumia mifano ya kompyuta katika kupanga bei, na kwa upande wake kampuni zinazonufaika nazo zinatakiwa kuongeza mikataba katika maeneo yenye hatari kubwa, hadi kufikia asilimia 85 ya sehemu yao ya soko la jimbo. Mei 2025 State Farm iliruhusiwa kupandisha ada ya nyumba kwa asilimia 17 kwa dharura, na katika makubaliano hayo ilikubali kusimamisha kwa muda uachaji wa wateja kwa makundi. Maana yake kwako ni kwamba kampuni iliyokukataa mwaka huu huenda ikakupokea baadaye, kwa bei ya juu kidogo lakini kwa mkataba mmoja ulio kamili.

Weka alama kwenye kalenda siku 90 kabla ya kila ukomo wa mkataba, na siku hiyo umpelekee dalali faili lako: picha mpya, risiti za wavu na paa, barua ya ukaguzi wa zimamoto kama unayo, na ripoti ya CLUE iliyosahihishwa. Ukikubaliwa, mikataba yote miwili, ule wa FAIR Plan na ule wa nyongeza, uifute kwa maandishi kuanzia siku ile ile mpya inapoanza, uombe kurudishiwa ada ya siku zilizobaki, na umtumie msimamizi wa mkopo hati mpya siku hiyo hiyo.